Maji Yaliyomkataa Limbu

Ofisi ya Hanifa ilikuwa Soweto, jijini Mbeya, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la saruji na misumari. Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, baridi ilikuwa imemkaza vidole, naye alikuwa amevaa koti juu ya baibui na kuweka kikombe cha chai ya tangawizi karibu na matundu ya kompyuta, mahali panapotoka joto. Kampuni ilikuwa ya binamu yake, Junaid. Junaid alitafuta kazi, Hanifa alizifanya, na hapakuwa na mtu wa tatu.

Kazi ya mwezi huo ilikuwa mfumo wa kugawa maji ya mfereji mpya wa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Mradi wenyewe ulikuwa na ofisi yake Iringa, na msimamizi wake aliitwa Nashoni. Mfumo ungeamka kila siku saa kumi na mbili alfajiri, ungewaunda watu wote wa maji mmoja baada ya mwingine, na kumpa kila mmoja fungu lake. Milango ya mfereji ingefunguka na kufungwa kwa kufuata orodha hiyo.

Hanifa alianza na klasi, yaani kiolezo cha programu cha kuundia watu, aliyoiita Mtumiaji. Ilikuwa klasi dhahania, maana yake ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuwa Mtumiaji tu, kama ambavyo hakuna mnyama aliye mnyama tu bila kuwa mbuzi au paka. Mtumiaji alikuwa na jina, kitongoji, idadi ya watu wa nyumbani, na mbinu moja isiyo na mwili, iliyoitwa pokeaMaji. Mbinu ya namna hiyo ni ahadi. Kila klasi inayorithi kutoka kwa Mtumiaji sharti iseme yenyewe jinsi inavyopokea maji. Isiposema, nayo inabaki dhahania, na kompyuta haitakubali kuunda hata mtu mmoja kutokana nayo.

Akazijaza moja moja. Mkulima alipokea maji kwa zamu, kulingana na ukubwa wa majaruba yake ya mpunga. Mwenye kinu cha kukoboa mpunga alipokea kwa bomba. Shule na zahanati zilipokea kwa tangi. Akanywa chai, akafikiri kidogo, akaongeza na Marehemu. Bibi yake mzaa baba, aliyeletwa Mbeya kutoka Bagamoyo akiwa bi harusi, alifariki katika wiki ambayo mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yamekauka, na Hanifa alikumbuka wanawake wakizunguka na ndoo tupu huku maiti ikisubiri. Kwa hiyo Marehemu alipokea ndoo tatu za kuoshwa, papo hapo bila kusubiri alfajiri, kisha faili lake likafungwa.

Alipofika kwa Mfugaji alisimama, akampigia Nashoni.

"Shikamoo, bwana Nashoni. Naomba kuuliza, wafugaji wanapokea maji kwa utaratibu gani?"

"Marahaba. Hiyo iache kwanza. Kamati haijakaa."

"Nikiiacha bila kuijaza, mfumo hautaweza kumwunda mfugaji yeyote."

"Si mna neno lenu mnalotumia? Dhahania. Basi iache hivyo hivyo dhahania. Tutaijaza baada ya kikao."

Hanifa akaiacha. Klasi nyingine zote zilipelekwa kwenye kamati ya Iringa, zikapitishwa siku moja. Marehemu alipita bila mjadala.

Mfumo uliwashwa tarehe mosi ya mwezi wa saba.

Asubuhi hiyo Limbu alitoka nyumbani kwake, ng'ambo ya mfereji, akiwa na madumu mawili ya manjano. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa. Baba yake ndiye aliyeswaga ng'ombe kutoka Maswa mpaka bonde la Usangu, na Limbu alikuja mgongoni mwa mama yake. Alikuwa na mke, Prisca, mwenye ujauzito wa miezi mitatu, watoto wanne, mama yake mzazi Milembe, na ng'ombe thelathini na wawili.

Alizamisha dumu la kwanza, akasikia likijaa na kuwa zito, akalivuta. Lilitoka jepesi na kavu, na vumbi la jana likiwa bado limeganda ubavuni. Akalitazama chini kama limetoboka. Akazamisha la pili, nalo likatoka vile vile. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji yaliupisha mkono, yakauzunguka, na alipoutoa haukuwa na hata tone. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wameshafika. Waliinamisha vichwa, wakavuta maji kwa muda mrefu, wakainua pua kavu.

Kalista alimkuta pale. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, mwenye majaruba matatu kando ya mfereji, na kwa miaka ishirini alikuwa akilima kwa jozi ya maksai wa Limbu.

"Kamwene, baba Shija," alimsalimu. "Mbona umesimama?"

"Maji hayanishiki, mama Benja."

Kalista aliteka ndoo yake. Ikajaa. Akampa Limbu, na mpini ulipoingia mkononi mwa Limbu ndoo ikawa tupu. Akateka tena, akachota kwa kikombe cha plastiki, safari hii akakishika mwenyewe na kukisogeza mdomoni mwa Limbu. Limbu akanywa. Maji yalikuwa maji ya kawaida, yenye ladha ya udongo.

"Kumbe ni hivyo," alisema Kalista. "Mradi kikombe kisitoke mkononi mwangu. Haya, lete ng'ombe. Nitawashikia karai."

Ng'ombe thelathini na wawili walimchukua mpaka saa sita mchana.

Kufikia jioni ilijulikana kwamba nyumba zote sitini na nne za wafugaji zilikuwa hivyo. Ugali uliopikwa na jirani ulilika, na maziwa yalinyweka, kwa sababu mfumo haukuwa na habari na ugali wala maziwa. Lakini maji yaliyo maji hayakumkubali mfugaji mkubwa wala mdogo. Mtendaji wa kata, Anania, aliandika taarifa fupi na kuituma Iringa. Iringa waliituma Mbeya. Ilipofika kwenye kompyuta ya Hanifa ilisomeka: Tatizo, maji hayawashiki wateja. Idadi, kaya 64. Uharaka, wa kati.

Kesho yake Hanifa alipanda basi la Iringa, akashuka Igawa, akachukua bajaji mpaka Ubaruku. Anania alimpeleka kwa Limbu. Walimkuta uani, akirekebisha mpini wa jembe. Prisca alileta kigoda. Mama Milembe alikuwa ameketi kwenye ngozi kivulini, mwanamke mwembamba wa miaka themanini na zaidi, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Shikamoo, bibi," alisema Hanifa.

"Marahaba, mjukuu. Wewe ndiye wa maji?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Uniambie basi. Mimi nimewakosea nini?"

Hanifa aliwaeleza. Aliwaeleza polepole, bila kuficha, kwamba kuna mahali ameandika watu wa kila aina na jinsi wanavyopokea maji, na kwamba mahali pa mfugaji pana jina tu. Ndani yake hamna kitu. Mfumo unapoamka alfajiri unamwunda mkulima, unamwunda mwenye kinu, ukifika kwa mfugaji unakuta ahadi isiyo na mwili, unaruka.

Limbu alisikiliza mpaka mwisho. "Na watoto wangu?"

"Wanarithi kutoka kwa mfugaji. Kama mfugaji hajajazwa, wao pia hawajajazwa."

"Kujaza kwenyewe ni kazi ya muda gani?"

"Dakika tano."

"Basi jaza, binti."

"Sina ruhusa, baba. Mpaka kikao."

Limbu aliutazama mpini wa jembe, akaugeuza. "Mama hataki kunyweshwa," alisema. "Anakunywa maziwa tu. Na ng'ombe nao, kwa karai moja la mama Benja, maziwa yanakatika. Jana tumekamua nusu ya kibuyu."

"Sijashikiwa kikombe tangu nilipoachishwa ziwa," alisema Milembe kutoka kwenye ngozi yake. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa.

Hanifa hakurudi Mbeya. Alipanda basi la kwenda Iringa. Ofisini kwa mradi aliambiwa Nashoni yuko likizo, nyumbani kwao Kalenga, anavuna mahindi. Akaenda Kalenga. Alimkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya ghala, na shati la kazini limekunjwa mikono, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Alimkaribisha vizuri, akaita aletewe chai na viazi vitamu.

"Nimesoma taarifa," alisema. "Poleni sana."

"Bwana Nashoni, ni mistari mitatu tu. Nipe ruhusa niijaze."

"Si suala la mistari, binti. Ukiandika kwamba mfugaji anapokea maji ya mfereji, umeandika kwamba mfugaji anakaa pale. Na kukaa kwao pale hakujaamuliwa. Wako wanaotaka wahame, wako wanaotaka wabaki, wako wasiotaka kuulizwa. Kamati ikikaa itaamua."

"Itakaa lini?"

"Wajumbe hawajatimia."

"Wako pale miaka arobaini na kitu."

"Wako," alikubali Nashoni. "Lakini hawajaandikwa. Ukiwajaza, umewaandika."

Hanifa alichukua hindi, akaanza kupukuchua naye, kwa sababu ilikuwa vigumu kukaa mikono mitupu mbele ya mtu anayefanya kazi. "Kuna bibi mmoja pale hataki kunyweshwa," alisema. "Ana miaka themanini na zaidi. Atakufa."

Nashoni alimaliza hindi lake. Punje zilianguka kwenye beseni. "Mama yangu ana umri huo," alisema mwishowe, akachukua hindi jingine.

Hanifa alirudi Soweto siku ya Jumatano. Baada ya sala ya adhuhuri alifungua kazi yake, akaenda kwenye klasi ya Mfugaji, akaijaza. Aliandika kwamba mfugaji anapokea ndoo moja kwa kila mtu wa nyumbani, na maji ya kunyweshea mifugo mferejini kwa kila kundi, asubuhi na jioni. Ilikuwa mistari mitatu, kama alivyosema. Hakumwambia Junaid. Alipomaliza akahifadhi kazi, akazima kompyuta.

Alhamisi alfajiri mfumo uliamka, ukamwunda mkulima, ukamwunda mwenye kinu, ukafika kwa mfugaji, ukawaunda wote wa nyumba sitini na nne.

Limbu alijua pale ng'ombe walipoinua pua zao na maji yakadondoka kutoka kwenye ndevu. Alirudi nyumbani haraka, akamwambia mama yake. Milembe alichukua fimbo yake, akakataa kushikwa mkono, akatembea mpaka mfereji. Aliosha uso. Alichota kwa kiganja, akanywa, akachota tena. Kisha aliketi ukingoni, akatumbukiza miguu yote miwili, akakaa hivyo mpaka jua lilipokuwa kali na Prisca akaja kumchukua. Kalista alishinda nyumbani siku hiyo, amelaza mikono yake juu ya mto wa kulalia.

Ijumaa maji yaliendelea. Prisca alifua nguo zote za nyumba. Watoto walirukia mfereji wakafukuzwa.

Jumamosi saa sita mchana Junaid aliingia ofisini na hakukaa. Iringa walikuwa wameona kwenye ripoti ya wiki kwamba maji yametoka mengi kuliko watu walioandikwa.

"Umetuweka pabaya, dada," alisema. "Nashoni amenipigia, hakugomba, na hilo ndilo linaloniogopesha. Anasema mkataba unavunjwa Jumatatu kama kile kitu hakijaondolewa."

"Kuna watu pale, Junaid. Nimewaona."

"Najua wapo. Nani amesema hawapo?" Aliuvuta mlango, akaurudisha. "Futa mwenyewe, ama nifute mimi."

Junaid hakujua kuandika programu wala kufuta. Angeweza kufuta Mfugaji na Mkulima na zahanati kwa pamoja. Hanifa alifikiria hilo kwa muda, halafu akafikiria kwamba huenda anajitafutia sababu tu. Kisha akaifuta mistari yake mitatu, mmoja mmoja, kuanzia wa mwisho.

Jumapili asubuhi Milembe alikwenda mferejini kama siku tatu zilizopita. Alitumbukiza miguu, maji yakaipisha. Aliitazama kwa muda, kavu ndani ya maji, mpaka Kalista alipokuja na kikombe chake na kuchutama pembeni.

"Kunywa kidogo tu, mama. Kwa ajili yangu."

"Umechoka, mwanangu," alisema Milembe. "Mikono yako inatetemeka. Mimi nimeshakunywa. Siku tatu nimekunywa vizuri."

Hakurudi tena mferejini. Maziwa yalikuwa yamekatika. Limbu alikwenda kila asubuhi kupiga magoti mbele ya ngozi yake na kumbembeleza kwa Kisukuma, na kila asubuhi mama yake alimpapasa kichwa na kusema hapana. Alifariki Alhamisi, kabla jua halijawa kali.

Wanawake walikusanyika kumwosha. Kalista alimwaga maji begani, yakateleza hadi sakafuni bila kuacha unyevu. Akajaribu kupangusa kwa kitambaa, kitambaa kikatoka kavu. Prisca alijaribu, na kwa Prisca hata ndoo ilikuwa tupu. Mwanamke mmoja wa mtaani, Apolonia, aliyekuwa mjumbe wa watumiaji wa maji, aliuliza kama mtendaji ameshaingiza taarifa za kifo. Hakuwa ameingiza. Limbu akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya kata.

Anania alisimama, akampa mkono, akampa pole. Kisha akafungua kompyuta. Mtandao haukuwepo. Wakakaa wawili, wakasubiri. Anania alimwuliza kuhusu kaburi litachimbwa wapi, Limbu akamwambia karibu na baba yake, Anania akasema hapo pazuri. Saa nne na nusu mtandao ulirudi. Anania aliandika jina, umri na kitongoji, na kwenye aina ya mtumiaji akachagua Marehemu. Mfumo ukakubali.

Uani, maji yalimshika Milembe. Yalimlowanisha nywele, yakaingia katikati ya vidole vya miguu, yakakaa kwenye mikunjo ya shingo. Wanawake walimwosha taratibu, wakampaka mafuta, na ndoo tatu zilitosha sawasawa.

Mbeya, Hanifa aliona jina likiingia. Milembe, mwanamke, miaka 84, Ubaruku, Marehemu. Alikuwa mtu wa kwanza wa nyumba ya mfugaji kuundwa na mfumo kwa idhini ya kamati. Dakika arobaini baadaye faili lilijifunga. Hanifa alikaa mikono mapajani. Junaid aliingia, akaona uso wake, akatoka na kwenda kusimama kwenye ngazi.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu Hanifa alimwandikia Nashoni ujumbe wa maneno mawili, kikao lini, na kila Jumatatu Nashoni alimjibu kwa adabu kwamba bado.

Mwezi wa nane Limbu na Kalista walikwenda pamoja ofisi ya kata. Ng'ombe walikuwa wamebaki ishirini na sita.

"Andika ni wangu wote," Kalista alimwambia Anania. "Ng'ombe wa mkulima atakunywa."

Anania alimgeukia Limbu. "Baba Shija, unaelewa? Nikiandika hivi, kwenye mfumo huna ng'ombe hata mmoja."

"Naelewa."

"Na mama Kalista akifariki? Mrithi ni mwanawe, Benjamini."

"Benjamini yuko Makambako anauza simu," alisema Kalista. "Anaogopa hata kuku."

Limbu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaweka dole gumba. Jioni hiyo ng'ombe walikunywa wenyewe kwenye mfereji. Limbu aliwachunga kama siku zote, akiwaita kwa majina, na walimfuata yeye.

Nyumba nyingine za wafugaji zilifanya vile vile, kila moja kwa jirani yake. Si kila jirani alikuwa Kalista. Ng'ombe wa mfugaji mmoja, Jailos, walikunywa maji siku mbili, na siku ya tatu walipakiwa kwenye lori na mtu aliyekuwa ameandikwa kuwa mwenye nao. Jailos alikwenda kwa Anania. Anania alimwonyesha skrini. Jailos aliisoma mpaka chini, akashukuru, akaondoka na familia yake wiki iliyofuata. Hakuna aliyejua walielekea wapi, na mfumo haukubadilika, maana haukuwa umewahi kuwaunda.

Waliobaki walipangiwa zamu. Orodha ya wakulima wa kunywesha ilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa na kwenye mlango wa msikiti, ikiwa na zamu za asubuhi, mchana na jioni. Watu waliifuata vizuri. Mkulima aliyekuwa na safari alimwomba mwenzake amshikie. Watoto wa wafugaji walizoea kusimama kwenye mstari wa shule na kuinua videvu, na walimu walipita na kikombe wakati wa mapumziko. Mwezi wa kumi walikuja wageni wa mradi kutoka mbali, wakapiga picha, na ripoti ya mwaka ikaeleza kwamba mradi umeongeza ujirani mwema kati ya wakulima na wafugaji kwa kiwango kisichotarajiwa. Ukurasa wa mwisho ulisema kikao kuhusu wafugaji kitapangwa.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na mbili. Zilinyesha juu ya majaruba, juu ya bati za vinu, juu ya barabara. Juu ya nyumba ya Limbu matone yaligawanyika na kushuka pande zote, na uwanja wake ukabaki mkavu kama mkeka. Vyura walikaa pembezoni.

Katikati ya mwezi huo Hanifa alifungua kompyuta asubuhi, akakuta ombi moja limezuiwa. Mtoto mchanga, msichana, siku mbili. Aina ya mtumiaji, Mkulima. Mama mzazi, Kalista. Mfumo ulikuwa umeandika kwa herufi nyekundu kwamba umri wa mzazi haukubaliki. Ukaguzi huo wa umri Hanifa aliuandika mwenyewe, ili kuzuia makosa.

Alichukua simu, akampigia Kalista.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona?"

"Nimeona. Mama, una miaka sitini na mmoja."

"Ndiyo. Sitini na mmoja."

Nyuma ya sauti yake kitoto kilikuwa kinalia, kilio chembamba cha mtu asiyeijua bado sauti yake.

"Ni wa Prisca," alisema Hanifa.

"Ni wangu. Tumeshaongea hapa nyumbani. Kuna joto, mwanangu, na tangu azaliwe hajaoga. Damu ya uzazi bado iko kichwani. Tumempangusa kwa mafuta ya ng'ombe mpaka yameisha."

"Baba yake anasemaje?"

Simu ilibadilishwa mkono. Hanifa alisikia pumzi ya mwanamume.

"Binti," alisema Limbu.

"Naam, baba."

"Andika alivyosema mama Benja."

"Nikiandika, hata akikua atasomeka hivyo. Shuleni, hospitalini, kila mahali. Hatakuwa wako."

"Najua," alisema Limbu. "Ng'ombe nao nilijua. Ataoga?"

"Ataoga."

"Basi andika."

Hanifa aliifungua programu, akautafuta mstari unaokagua umri wa mzazi, akauondoa. Hii ilikuwa ndani ya uwezo wake. Haikuhitaji kikao. Alirudi kwenye ombi, herufi nyekundu hazikuwepo, akabonyeza kukubali.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri mfumo uliamka, ukawaunda wakulima wa Ubaruku kwa mpangilio wa majina. Kwa Limbu, Prisca alikuwa ameweka beseni katikati ya uwanja mkavu na kuketi kando yake, kaniki na kanga mpya zikiwa zimekunjwa magotini. Shija na wadogo zake walisimama mlangoni. Kalista aliteka ndoo kutoka mfereji, akavuka mstari ambao mvua iliishia, akamimina. Beseni likajaa.

Alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa Prisca, akamshusha majini. Maji yalimshika mara moja, miguu, tumbo, mpaka shingoni, na mtoto akatoa kilio kikubwa kama watoto wote wanavyofanya wakiguswa na maji ya baridi. Prisca aliinama na kunyoosha mkono ili ampanguse uso. Mkono wake uliingia kwenye beseni, ukatoka mkavu.

"Mwache, nitamwosha mimi," alisema Kalista kwa upole. "Wewe shika kanga."

Prisca alisimama, akaikunjua kanga, akaishika wazi kwa mikono miwili. Limbu alikuja akasimama karibu naye. Walisubiri pale mpaka mtoto alipotakata.